Shangazi, nimeambiwa mayai yangu yana wateja

*Safu hii hujibiwa na Shangazi, muuguzi mkunga, mkazi wa Chang'ombe, Dodoma. Majina ya wanaoandika tunayaficha.*

Shikamoo Shangazi. Mimi ni binti wa miaka 22, niko mwaka wa pili hapa Chuo Kikuu cha Dodoma (UDOM), kwetu ni Kongwa. Mwezi uliopita bumu, ile hela ya mkopo ya kujikimu, lilichelewa, na rafiki yangu tunayekaa naye geto moja akaniunganisha na dada mmoja anayetafuta wasichana wa kuchangia mayai ya uzazi. Anasema safari ni ya Nairobi, wiki mbili, nauli na chakula juu yao, na nikimaliza napewa milioni mbili na nusu mkononi. Amenitumia fomu kwa WhatsApp. Kuna sehemu wanauliza magonjwa ya ukoo. Marehemu mdogo wangu alikuwa na selimundu (sikoseli), lakini huyo dada kaniambia niandike "hakuna". Pia nikiulizwa nimejuana naye wapi, niseme ni binamu yangu. Shangazi, je, mayai yangu yataisha nije kuolewa nikose mtoto? Inauma? Na huyo mtoto atakayezaliwa ni wangu au si wangu? Mama hajui na sitaki ajue. Naomba usinitukane.
*Binti wa Kongwa*

Marahaba mwanangu. Sikutukani. Nitakutukanaje wakati kitanda hicho nami nimekilalia?

Wasomaji wa siku nyingi wa safu hii hawajawahi kulisikia hili, na mhariri ameniuliza mara mbili kama kweli nataka lichapwe. Lichapwe. Mwaka 2011 nilitoa mayai yangu nikampa dada yangu. Mimi nilikuwa na miaka 32 na watoto wawili, yeye 42, ameolewa Manyoni, na mwaka wa kumi na moja ule anatafuta mtoto. Mizizi yote ya kati ya Manyoni na Itigi alikuwa ameshainywa. Daktari mmoja wa Nairobi akamwambia kizazi chake hakina neno, ila mayai yamechoka, atafute ya mwanamke mwenye umri mdogo. Akarudi, akaja kwangu Jumamosi moja bila kupiga simu, akavuta kigoda jikoni akaanza kunisaidia kuchambua mlenda. Akachambua nusu saa nzima hasemi. Dada yangu ni mtu wa maneno mengi, kwa hiyo nilijua kuna jambo, ila sikujua kama ni hilo.

Sasa maswali yako, ila sitayafuata kwa mpangilio wako. Naanza na hiyo fomu, maana ndiyo iliyoninyima usingizi.

Mdogo wako alikuwa na selimundu. Maana yake baba yako na mama yako wote wawili wamebeba chembe ya ugonjwa huo. Wewe ni mzima, lakini uwezekano kwamba na wewe umeibeba bila kuumwa ni mbili kwa tatu. Tuseme umeibeba, umeandika "hakuna", kipimo hakikufanyika, na mume wa huyo mama atakayepokea naye ameibeba kama walivyo wengi hapa kwetu. Hapo kila mimba yao ina nafasi moja kati ya nne ya kuleta mtoto mwenye ugonjwa uleule uliomzika mdogo wako. Wewe unajua usiku wa maumivu ya selimundu ulivyo. Utampelekea mtu hilo kwa kalamu yako?

Hospitali inayoijua kazi hii hupima yenyewe: selimundu, virusi vya ukimwi, homa ya ini B na C, kaswende, kundi la damu, na homoni ya kukisia akiba ya mayai. Tena hukukalisha kitako ikakuuliza hadi bibi yako alikufa na nini. Mimi niliulizwa na dada mmoja mpole mwenye daftari kubwa kama nililala na mume wangu mwezi ule, na kama kuna kichaa katika ukoo. Nikamjibu kwamba kichaa hakuna ila wabishi tupo. Hakucheka, akaandika. Ndivyo inavyotakiwa. Huyo dada yako wa WhatsApp anataka fomu ipite tu, na binti akiugua huko mbele yeye atakuwa ameshatafuta mwingine.

Haya, mayai kuisha. Hapa nikutoe hofu, kwa sababu hofu hii nimeisikia hata kwa wauguzi wenzangu. Mtoto wa kike huzaliwa na mayai kama milioni moja hadi mbili. Akivunja ungo yamebaki kama laki tatu hadi nne, mengine yamekwisha kufa yenyewe. Na katika maisha yake yote mwanamke hupevusha mia nne na kitu hivi, hadi mia tano. Kila mwezi kundi zima la mayai huanza kukua, moja likawapita wenzake likapevuka, yaliyobaki yakanyauka. Wewe ni wa Kongwa, umelima mtama. Unatupia mbegu nyingi kwenye shimo moja, miche ikiota unaing'oa unabakiza mmoja au miwili. Sindano za kuchangia mayai zinafanya shimo lile lote lilishwe, pasing'olewe mche. Kwa hiyo wanavuna yale ambayo mwezi ule yangekufa, hawafukui ghala la miaka ijayo. Mimi baada ya kutoa nilizaa tena, mwaka 2014, bila hata kupanga.

Ila kusema hayaishi si kusema hakuna hatari. Dalali atakueleza la kwanza ataliacha la pili.

Inauma? Sindano zenyewe ni ndogo, unajichoma chini ya ngozi ya tumbo, vidole viwili pembeni ya kitovu, kila siku kwa siku kama kumi hadi kumi na mbili. Nimechoma watu tangu nikiwa msichana, sijui idadi yao. Siku ya kwanza ya kujichoma mwenyewe mkono ulikataa. Ilikuwa Julai, na baridi ya Nairobi ya Julai mtu wa Dodoma anaiona kama adhabu. Tulipanga chumba kwa mama mmoja Mkamba, dawa zetu zilikaa kwenye friji yake katikati ya paketi za maziwa na bakuli la githeri. Kila saa mbili usiku dada anaitoa sindano, anaipasha kiganjani, anasema "moja, mbili". Ile ya tatu hakuwahi kuitamka, nilikuwa nimeshachoma.

Katikati kuna ultrasaundi, siku moja ndiyo siku moja siyo. Na hii si ile ya kupaka mafuta tumboni, inapita ukeni. Wewe ambaye hujazaa uambiwe mapema, usije ukashtukia pale. Wanahesabu vifuko vya mayai na kuvipima upana. Kadiri siku zinavyokwenda tumbo linakuwa zito, kama umekula ugali wa uwele ukanywea maji mengi. Kukimbia hapana, kubeba ndoo hapana, kwa sababu ovari iliyovimba inaweza kujisokota, na hiyo ni operesheni ya usiku wa manane. Kulala na mwanamume pia hapana. Siku zile una mayai kumi yanayosubiri, na wako walioingia kutoa mayai wakatoka na mimba.

Mwisho wake kuna sindano moja ya kuyakomaza, na hiyo ina saa yake. Yangu ilikuwa Jumatatu saa nne na nusu usiku, mayai yakavunwa Jumatano saa nne na nusu asubuhi. Saa thelathini na sita. Ukichelewesha umeharibu. Dada aliweka kengele tatu kwenye simu mbili na bado akakaa macho akiiangalia saa ya ukutani. Uvunaji wenyewe sikuusikia, walinilaza kwa dawa ya usingizi. Hawakati mahali, ni sindano ndefu inayopita ukutani mwa uke ikiongozwa na ultrasaundi, inafyonza kifuko kimoja kimoja. Dakika ishirini, thelathini. Nilipoamka nesi alikuwa ameandika namba 11 kwa kalamu kwenye mgongo wa mkono wangu. Ndiyo idadi ya mayai. Dada alipoiona akaushika mkono ule akakaa nao hadi chai ikapoa.

Sasa sikiliza vizuri hapa, kwa sababu hapa ndipo wiki mbili za dalali zinapoishia, na mwili wako bado.

Tuliondoka Ijumaa, siku mbili baadaye. Hospitali ilinipa panadol na ikanitakia safari njema. Basi hadi Namanga, Arusha tukalala, asubuhi tukashika njia ya Babati. Kufika Babati zipu ya sketi haifungi. Lami ya Babati hadi Dodoma wakati ule hakuna, ni mashimo na vumbi, na kila shimo nilikuwa nalisikia kwenye ovari. Tulipopita Kolo nilikuwa siwezi kuvuta pumzi ikafika chini, nakaa wima kama mtu aliyemeza mwiko. Tangu asubuhi nilikuwa nimekojoa mara moja, kidogo, rangi ya chai ya rangi. Mimi muuguzi, na bado nilijiambia ni uchovu wa safari.

Haukuwa uchovu. Ovari zikichochewa kupita kiasi, maji yanavuja kutoka kwenye mishipa ya damu yanajaa tumboni, damu inabaki nzito. Nyingi ni nyepesi, zinatulia zenyewe. Kali ni chache, lakini ikiwa kali inaua, na damu nzito kwenye mguu uliokunjwa saa kumi ndani ya basi ndiyo inayoganda. Dodoma nilipokelewa na daktari kijana ambaye swali lake la kwanza lilikuwa "Mama, mimba ya miezi mingapi?" Sikumlaumu. Nililazwa siku tatu, nikipimwa uzito na mkojo asubuhi na jioni. Ninachowalaumu wale wa kwanza ni kwamba hakuna aliyeniambia: jipime uzito kila siku, ukiongezeka kilo ndani ya siku moja tupigie, kunywa maji, ukikosa pumzi usisubiri asubuhi. Sentensi nne. Na mimi nilikuwa na dada pembeni yangu. Wewe utakuwa na nani kwenye basi hilo? Geto utamwambia nini mwenzako? Na mama, ambaye hajui, ataambiwa nini akipigiwa simu kutoka wodini?

Nitakuletea na mwenzako mwingine, usije ukasema Shangazi ana kisa kimoja. Nkuhungu kuna msusi, mama wa mtoto mmoja, ndiye anayenisuka. Siku moja aliniona nikisoma kikaratasi cha mambo haya akaniambia polepole, mkono bado uko kichwani mwangu, "Shangazi, mimi nimeshafanya mara tatu." Mara tatu ndani ya miezi kumi na minne, kwa wakala. Ya kwanza ilimlipia kodi ya mwaka wa saluni. Ya pili ilinunua drayer mbili, nimekaa chini ya mojawapo. Ya tatu hajui iliishia wapi. Hajutii, aliniambia hivyo mara mbili. Mwili wake haukumsumbua zaidi ya kuvimba siku tatu nne. Kinachomsumbua ni kwamba hakuna aliyemwambia kama mtoto alizaliwa. "Hata wangesema tu 'wapo' au 'hawapo', Shangazi. Jina sitaki." Anasuka watoto wa shule Jumapili na akiona binti mwenye paji la uso kama lake anauliza ana miaka mingapi. Marekani, ambako biashara hii ni kubwa na wasichana hulipwa maelfu ya dola, chama cha madaktari wa uzazi kinashauri mwanamke asizidishe mara sita maishani. Kwa hapa, anayepaswa kukuhesabia ni dalali yuleyule anayelipwa kwa kila safari unayokwenda. Jihesabie mwenyewe.

Mtoto ni wako au si wako? Kwa damu, nusu ya asili yake imetoka kwako: urefu, sauti, labda na selimundu. Kwa mimba, uchungu, maziwa na ada ya shule ni wa yule aliyembeba. Majibu yote mawili ni kweli kwa wakati mmoja, na ndiyo maana watu wanakosa usingizi.

Kwetu sisi lugha ilitusaidia. Mtoto wa dada yangu, asingetoka kwenye yai langu, angeniita nani? Mama mdogo. Ametoka kwenye yai langu, ananiita nani? Mama mdogo. Wanangu walikuwa ndugu zake kabla hajatungwa. Ana mwanya wa meno ya mbele kama wangu, na watu wa Manyoni wakimwona wanasema "huyu kamfuata mama yake mdogo", wanaendelea na safari zao, kwa sababu mtoto kumfuata mama mdogo si habari. Mume wangu, nilipomweleza kabla hatujaenda, alinyamaza siku mbili, halafu akauliza, "Huyo mtoto atakuja kudai shamba la Mvumi?" Nikamwambia hata wanao hawalitaki. Akasaini.

Mtoto alipofika miaka tisa dada alimwambia. Likizo ya Desemba, mimi nipo, tunakoboa mahindi. Alimweleza vizuri, kwa maneno ya mtoto, kwamba mayai ya mama yalikuwa yamechoka, mama mdogo akampa lake. Nikawa nasubiri kilio. Akafikiri, akanigeukia: "Mama mdogo, alikulipa shilingi ngapi?"

Dada akajibu yeye: "Nilimpa khanga."

"Doti moja tu?"

Doti moja tu, ilikuwa imeandikwa "Wema hauozi". Khanga yenyewe ilioza zamani, sasa nafutia meza.

Wa yai lako wewe hatakuita mama mdogo. Hilo ndilo nililotaka ulipime, kuliko hata sindano. Dalali atakuambia hatakujua milele, ni siri. Uingereza nao zamani waliwaahidi wachangiaji siri, kisha sheria ikabadilishwa: waliotoa kuanzia Aprili 2005, mtoto akitimiza miaka 18 anaweza kupewa jina la mchangiaji, na tangu mwaka 2023 wa kwanza wao wamefika umri huo. Na pasipo sheria kuna vipimo vya mate vya vinasaba, mtu anajipima sebuleni kwake anapewa orodha ya ndugu zake. Mtoto wa miaka 20 wa mwaka fulani huko mbele anaweza kukukuta una mume na watoto wako, akakuuliza lile swali la binti yetu. Milioni mbili na nusu ni jibu, na wala si jibu la aibu. Sisemi kulipwa ni dhambi. Siku kumi na mbili za sindano ni kazi, na sioni kwa nini daktari alipwe, dereva alipwe, dalali alipwe, mwenye ovari apewe asante. Ila uwe unaweza kulisema jibu hilo kwa sauti, mtoto amekaa mbele yako. Leo hata mama yako huwezi kumwambia.

Kwa hiyo, safari hii usiende. Rudisha fomu, mwambie hapana, mzuie kwenye simu. Nenda kapime selimundu, kwa faida yako mwenyewe na ya utakayezaa naye. Ukimaliza chuo, ukiwa bado unalitaka, utakuwa na miaka 24, hujachelewa, hospitali nyingi zinapokea hadi 35. Siku hiyo uende kwa mguu wako, ukiwa na namba ya daktari na siyo ya dalali, mkataba umeusoma nakala unayo, imeandikwa nani analipa ukilazwa, mtu wako mmoja anajua uko wapi, na siku tano za kupumzika hukohuko kabla hujapanda gari. Pasipoti yako usimkabidhi mtu. Bumu likichelewa tena nenda ofisi ya mshauri wa wanafunzi ukapige kelele, wenzako wanafanya hivyo. Wiki mbili nje ya darasa katikati ya muhula zitakuletea supu, yaani mitihani ya marudio, na supu nayo ina gharama zake.

Shangazi habari. Nina miaka 36, niko Mpwapwa, ndoa ina miaka minane. Nilipimwa nikaambiwa mirija yote miwili imeziba. Jirani anasema siku hizi wasichana wanauza mayai, ninunue nipandikizwe. Mama mkwe naye kampa mume wangu hadi Pasaka aoe mwingine. Nifanyeje?
*Mke wa Mpwapwa*

Mirija ikiziba si mayai yameisha, dada yangu. Mirija ni njia, mayai ni abiria. Abiria wako wanaweza kuwa wazima kabisa wamekwama stendi. Upandikizaji, yaani yai kurutubishwa nje ya mwili kisha kuwekwa kwenye kizazi, uligunduliwa kwa ajili ya mwanamke kama wewe: mtoto wa kwanza wa njia hiyo, Louise Brown, alizaliwa Uingereza Julai 1978, na mama yake mirija ilikuwa imeziba, yai likiwa lake mwenyewe. Usinunue cha mtu kabla hujaambiwa na daktari wa uzazi, kwa kipimo, kwamba chako hakifai. Ila usikae, maana ukishapita 35 mayai yanapungua ubora mwaka hadi mwaka.

Na mume wako amepima? Hukuandika. Kipimo cha mbegu ni kikopo na dakika chache, bei yake haifiki mahari ya mke wa pili. Apime kabla ya hiyo Pasaka, na majibu amsomee mama yake yeye mwenyewe.

Assalaam alaykum Shangazi. Dada yangu wa tumbo moja ameniomba mayai. Sheikh wa hapa Kondoa anasema haifai, lakini kuna mwingine nimemsikia kwenye simu anasema inafaa. Nimsikilize nani?
*Ukhti, Kondoa*

Waalaykum salaam. Mimi ni Mwanglikana wa Mvumi, usinivishe kilemba. Ninachokijua ni kwamba wote wawili unaweza kuwa umewasikia sawasawa. Al-Azhar, chuo kikubwa cha Kisunni cha Misri, ilitoa fatwa mwaka 1980: mke na mume kupandikiziwa yai lao na mbegu yao inajuzu, mtu wa tatu kuingia katikati haijuzu, kwa ajili ya kulinda nasaba, na masheikh wengi wa Kisunni wako hapo. Kwa Mashia, hasa Iran, wako wanazuoni walioruhusu yai la mwanamke mwingine. Muulize huyo wa kwenye simu yeye ni wa wapi.

Kwa ndugu wa tumbo moja kuna lingine zaidi, kwamba shemeji yako hawezi kuwaweka nyinyi wawili katika ndoa kwa wakati mmoja, na wapo wanaoona yai lako kwa mbegu yake linakaribia huko. Nenda kwa sheikh wako pamoja na dada na shemeji, siyo peke yako. Usiwe wewe unayepeleka jibu nyumbani kwao.

Na wewe wa Ipagala uliyenitumia picha za mkataba usiku wa manane: nimeusoma. Ukurasa wa tatu unaishia katikati ya sentensi ya matibabu, unaofuata ni wa tano. Waombe ukurasa wa nne kabla hujaweka saini.